Kidole Kimoja cha Mshono

Asubuhi walipomvua Sikudhani ile glavu, ngozi ya mkono wake wa kulia ilikuwa imelainika na kukunjamana kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Siku tisini alikuwa amelala nayo, amekula nayo, amejikuna nayo. Ilikuwa glavu nyeusi, nyembamba, yenye nyuzi za shaba ndani, na kazi yake ilikuwa kunakili. Kila alipochomelea mshono wa kuba, glavu ilipima mwendo wa kiganja, uzito na umbo la gumba hadi kovu lake, hata kule kusita kwake kidogo chuma kinapobadilika rangi. Ujuzi wa fundi bora kuliko wote wa Bonde la Saba ukakusanywa ndani ya kijiwe kisichozidi punje ya mtama.

Nimesema fundi, na kwa kosa hilo kule Mwezini ningekatwa mshahara. Mwanamke wa Ghala haitwi fundi. Huitwa mshikataa, hata kama taa yenyewe hajaishika tangu alipokuwa msichana.

"Kimeandikwa Mkono wa Fundi Mfaume," alisema Bi Ghanima, karani wa ajira, akikiinua kijiwe kwa koleo asije akagusa kilichoguswa na Ghala. "Una neno?"

"Sina neno, Bi Mkubwa."

Fundi Mfaume alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa kaka wa marehemu mume wa Sikudhani, naye pia mtu wa Ghala, ila mwanamume. Alikitazama kijiwe kilichobeba jina lake kama mtu anayeonyeshwa picha ya harusi ambayo hakualikwa.

Miaka mia na arobaini ilikuwa imepita tangu meli ya kwanza itue. Walionunua tiketi walisafiri juu, penye madirisha. Waliokuja kwa kazi walisafiri ghalani, baina ya mapipa ya mbolea na magunia ya saruji. Meli yenyewe ilishavunjwa zamani ikafanywa masufuria. Lakini wajukuu wa wajukuu waliendelea kuwa watu wa Dirisha na watu wa Ghala, na ile mashine iliyoitwa Mizani, iliyokaa kwenye kila lango la kazi, ilijua nani ni nani kwa tone la mate. Unatia kidole mdomoni, unakibandika kwenye kioo, vijiti vya mwanga vinawaka kuonyesha ujira wako wa siku. Mwanamume wa Dirisha, vijiti vinane. Mwanamke wa Dirisha, sita. Mwanamume wa Ghala, vinne. Mwanamke wa Ghala, viwili, awe anafagia au anazuia watu elfu wasifyonzwe na utupu ulioko nje ya ukuta.

"Haya, mlete huyo binti," alisema Bi Ghanima.

Raya, mwanawe Sikudhani, akaingia. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mwenye macho ya kupima vitu. Mara mbili alikuwa amefaulu mtihani wa ukaguzi wa majengo, na mara mbili Mizani ilimrudisha kwenye ufagio. Hilo ndilo lililomfanya mama yake auze mkono. Hakutaka hewa ya ziada wala chumba kikubwa. Alitaka mwanawe asafishwe nasaba.

Bi Ghanima akagusa hapa na pale kwenye meza yake, kisha akamwashiria. Raya akatia kidole mdomoni, akakibandika. Vijiti viwili vikawaka, vikasita, vikawa sita.

Sikudhani alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, akajikaza.

"Sasa nisikilizeni, maana sirudii," alisema karani. "Kuanzia leo huyu ni Raya wa ukoo wa Bashiru. Wamekubali kumwazima jina, na wamelipwa. Wewe Sikudhani si chochote chake. Akikuita mama mbele ya watu, hata mara moja, tutahesabu amerudi mwenyewe alikotoka. Mmeelewa?"

"Tumeelewa."

Raya alimgeukia mama yake. "Kwaheri, mama," alisema kwa sauti ndogo.

"Hiyo nimeisamehe," alisema Bi Ghanima bila kuinua macho. "Ndiyo ya mwisho."

*

Wiki sita baadaye Kuba la Kumi lilikuwa limesimama. Makuba yaliyotangulia yalichukua miaka. Hili lilijengwa na mikono ishirini ya chuma iliyotengenezwa kwa umbo la mkono wa Sikudhani, yote ikisukumwa na nakala ya kile kijiwe kimoja, usiku na mchana, bila kuomba maji. Washikataa arobaini waliambiwa warudishe taa zao stoo. Wengi wao sasa walizibua mifereji ya kinyesi kwa zamu fupi za kijiti kimoja na nusu. Sikudhani hakuwahi kuuliza kama mikono itawaondoa wenzake kazini. Hakuuliza kwa sababu jibu alilijua, na sasa alibadilisha njia kila alipowaona.

Aliyeendelea kumsemesha ni Chiku peke yake. Walikuwa wamefanya kazi bega kwa bega tangu utoto, na Chiku hakuwa mtu wa kununa kimyakimya.

"Karibu uone nyumba uliyotujengea, shoga," alisema siku aliyohamia Kuba la Kumi na wanawe watatu. "Wewe na mikono yako ishirini. Nasikia haisengenyi wala haishiki mimba."

Watu wa Ghala ndio waliotangulizwa kila kuba jipya. Walikaa humo msimu mzima, kuba likionekana salama wakahamishwa, watu wa Dirisha wakaingia na mazulia yao. Safari hii walikuwa mia tatu, na bado walikuwa wanafungua mafurushi, watoto wakirukaruka hadi darini, maana Mwezini mtoto akiruka huchelewa kurudi.

Mishono ilikuwa mia tatu na sitini. Yote ilianzia kileleni, ikashuka ukutani kama mbavu, ikaishia kwenye mkanda wa chini, usawa wa kifua cha mtu mzima. Sikudhani alisimama mbele ya mmoja, akaupapasa. Ulikuwa mzuri. Aliona fahari, akaionea aibu. Akashuka nao taratibu kwa kidole gumba, namna alivyofanya maisha yake yote, mpaka akafika mwisho.

Mwishoni gumba lilizama.

Chuma hakizamishi kidole. Aliinama akatazama. Pale palikuwa na gundi ya kijivu, imepakwa vizuri, na katikati yake pamekandamizwa alama ya gumba lililoelemea kushoto, lenye kovu la moto. Alikuwa na kovu hilo tangu akiwa na miaka kumi na minne. Akaenda kwenye mshono wa pili, na wa tatu, na wa kumi. Gumba lake lilikuwa kwenye kila mmoja.

"Una nini?" Chiku aliuliza. "Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

"Chiku, haikufunga."

Chiku alielewa papo hapo, kwani naye alifundishwa vilevile. Mshikataa huchomelea mshono wote, na ukibaki upana wa kidole kimoja huinua kalamu ya moto. Hapaswi kufunga. Hupaka gundi ya kungojea penye uwazi, huikandamiza kwa gumba, hurudi nyuma hatua mbili, humwita fundi. Fundi huja akabandua gundi, akafunga kile kidole kimoja, akapiga muhuri wake. Kisha Mizani humwandikia fundi mshono mzima. Ilisemekana mshono uliofungwa na mwanamke wa Ghala hufunguka. Wasichana waliochapwa vidole kwa kusahau hawakusahau tena, na ilipofika miaka ishirini ya kazi mkono wenyewe uliinuka bila kuambiwa, jinsi jicho linavyofumba vumbi likija.

Glavu ilinakili hayo yote. Mfaume alifunga kwa mkono wake mwenyewe, na mkono wake haukuwa na glavu. Wahandisi wa Dirisha hawakuwahi kushuka kutazama. Wao waliona kwenye vioo vyao kwamba mkono umeinuka, gundi imepakwa, mtu amerudi nyuma, wakaandika kuwa huo ndio mwisho wa mshono. Wakafundisha mashine ishirini utii wa mwanamke mmoja.

"Lakini walilijaza hewa wakalipima," alisema Chiku. "Halikuvuja."

"Miisho yote ilipakwa jua hili hili, wakapima likiwaka bado. Gundi hii kwenye joto inashika kama shetani. Ikipigwa na baridi inakatika kama biskuti."

Wote wawili walitazama juu, kwenye kidirisha cha kileleni, ambapo jua lilikuwa limeanza kulala upande. Jua la Mwezini hukaa wiki mbili, likiondoka linaacha giza la wiki mbili na baridi ya kupasua mawe. Zilikuwa zimebaki siku sita.

Mtoto wa mwisho wa Chiku alikuja akakumbatia mguu wa mama yake akitaka uji.

*

Kwa Bi Ghanima, Sikudhani alifika akiwa amepanga kusema. Njia nzima alikariri maneno. Alipokaa kwenye kile kigoda walichowekewa watu wa Ghala, kifupi makusudi, maneno yakamgeuka mdomoni.

"Bi Mkubwa, nauliza tu. Ikionekana ule mkono una kasoro, inakuwaje?"

Karani aliacha kuandika. "Una kasoro?"

"Nauliza tu."

"Kijiwe kikiwa kibovu, mauzo yamevunjika. Mauzo yakivunjika, binti anarudishwa." Alisema bila ukali, kama mtu anayesoma saa za chakula. "Na aliyerudishwa Ghala hapokelewi, kwa sababu Mizani ilishamfuta. Anakuwa hana nasaba. Asiye na nasaba hana kijiti hata kimoja. Yupo mmoja anaishi nyuma ya mitambo ya maji, utamwona ukipita, anaokota."

Sikudhani alimwona mara nyingi. Alikuwa mwanamume mmoja aliyekuwa akilamba matone kwenye mabomba.

"Na kuba likiwa na kasoro?"

"Ndiyo maana tunawatanguliza nyinyi." Bi Ghanima alimtazama kwa muda, na kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea kidogo. "Nikwambie kitu? Kwenye meza hii asubuhi anakaa mwanamume. Kazi yake na yangu ni moja, na makosa yake nayarekebisha mimi. Ana vijiti vinane, mimi sita. Umewahi kuniona nikizunguka kuuliza maswali?"

"Hapana, Bi Mkubwa."

"Basi nenda."

Akaenda. Barabarani alijiona mchafu. Watu mia tatu walikuwa kule na masufuria yao, na alichotakiwa kufanya ni kufungua mdomo. Angefungua mdomo, Raya angelamba mabomba. Alipima upande huu akapima na ule, na kila mara upande wa Raya ulikuwa mzito zaidi, na hilo ndilo lililomtisha. Alijua mama mwema hapimi hivyo. Au labda mama wote hupima hivyo, wakaombea tu wasipimishwe.

*

Kulikuwa na njia moja ambayo isingehitaji kusema. Fundi mwenye muhuri angeweza kuingia kuba lolote akafunga mshono wowote bila kuulizwa. Sikudhani akaenda kwa shemeji yake.

Siku hizi Mfaume aliitwa Mwalimu wa Mikono. Alikuwa amepewa kiti chenye mgongo na haki ya kunywa kahawa halisi Ijumaa. Alimsikiliza hadi mwisho, kahawa ikipoa.

"Kwa hiyo unataka nikaseme nini, shemeji?" aliuliza. "Kwamba miaka ishirini na miwili nilikuwa nafunga vidole?"

"Usiseme chochote. Njoo ufunge tu."

Mfaume aliinua mkono wake wa kulia akauweka mbele ya macho yake. Ulikuwa ukitetemeka, kwa mtetemeko ule mdogo usiokoma, wa mtu aliyezeeka kabla ya wakati wake. "Hii huioni? Mwaka jana wote nilikuwa nafunga kwa kubahatisha. Watu wataniona. Watauliza Mwalimu wa Mikono anatafuta nini kwenye mishono ya mikono yake. Wakiuliza, wataninyang'anya vijiti vinne, na mimi nina wake wawili na watoto saba."

"Chiku naye ana watoto. Wamo humo."

"Unadhani sijui?" alisema. Kisha akauelekeza uso ukutani. "Kalamu yangu ya moto iko nyuma ya mlango. Mimi macho yangu yako huku, sioni mlango. Ila wakinihoji, nitasema uliiba. Tusilaumiane."

"Tusilaumiane, shemeji."

Akaichukua. Mfaume hakugeuka hata mlango ulipofungwa.

*

Chiku ndiye aliyeshika taa.

Mshono wa kwanza ulikuwa nyuma ya pazia la jikoni kwake. Sikudhani alibandua gundi, akawasha kalamu, akaanza pale moto wa mashine ulipoishia. Kalamu ikainuka. Akaishusha, akaanza tena, nayo ikainuka tena palepale. Hakuwa yeye aliyeinua. Kiwiko, kifundo, vidole, vyote vilikuwa vimekula njama dhidi yake.

"Nipe mgongo wako," Chiku alimwambia. Akasimama nyuma yake, akaushika mkono ule kwa wake, wakasukuma kwa pamoja. Machozi yalimtoka Sikudhani kwa hasira, kwa sababu kilikuwa kidole kimoja tu, umbali wa kutoka hapa hadi hapa, na mwili wake ulikuwa umefundishwa kuuogopa kuliko kifo. Kisha chuma kikang'aa, kikakutana na chuma, kikafungana.

Waliutazama. Ulikuwa umefungwa na mwanamke wa Ghala, nao haukufunguka.

"Kumbe ni hivi tu," alisema Chiku.

"Ni hivi tu."

Wakaendelea. Wa pili Sikudhani alifunga kwa kujishika kifundo kwa mkono wa kushoto, na wa kumi hakuhitaji tena. Siku tano walizunguka kuba wakisogeza mafurushi ya watu na kuyarudisha. Hakuna aliyewauliza. Walioona waliona, wakageuka wakaanza kupigia kelele watoto wao, na mara moja moja mtu alisahau bakuli la uji kwenye njia yao. Sikudhani hakuwahi kuwa na furaha kama ile. Alimaliza mshono, akausugua kwa gumba, na gumba halikuzama. Aliwaza kwamba angezaliwa ngazi moja tu juu, au angezaliwa na kitu tofauti baina ya miguu, hivi ndivyo siku zake zote zingekuwa.

Siku ya tano, imebaki mishono kumi na tisa, taa nyekundu iliwaka juu ya lango. Kioo cha wahandisi kilikuwa kimeona mishono imeguswa.

"Nenda kwa wanao," Sikudhani alimwambia Chiku. "Hukuwa hapa."

"Shoga—"

"Taa niachie. Nenda."

*

Mkaguzi aliingia na askari mmoja. Alivaa nguo nyeupe za Dirisha, nywele zimefungwa kwa utepe. Alitembea taratibu bila kurukaruka, kama wanavyofundishwa wale wa juu. Sikudhani akamtambua mwanawe. Akajikumbusha akatazama chini.

"Wewe zungukia upande wa pili," Raya alimwambia askari. "Hesabu iliyoguswa. Mmoja mmoja, usiruke."

"Na huyu, Mkaguzi?"

"Huyu ataenda wapi?"

Askari akaondoka. Raya alikwenda kwenye mshono ambao haujaguswa, akashuka nao kwa gumba hadi mwisho. Gumba likazama. Alama iliyokuwa pale aliijua. Utotoni alilala akiwa ameushika mkono huo.

"Yote?" aliuliza bila kugeuka.

"Ilikuwa yote. Imebaki kumi na tisa, na giza linaingia kesho."

"Kwa nini hukuja kusema?"

"Ningesema, wewe ungekuwa wapi?"

Raya aliegemeza paji la uso ukutani. Alipogeuka, macho yalikuwa mekundu lakini uso umetulia, na Sikudhani aliuona utulivu ule akaogopa, maana ulikuwa wa Bi Ghanima.

"Lazima iandikwe kitu," alisema Raya. "Mishono mia tatu na zaidi imeguswa, na imeshaonekana. Nikiandika sababu ya kweli, kijiwe ni kibovu."

"Andika nimeharibu kwa husuda. Mikono ilininyima kazi, nikaja kuikomoa. Kalamu niliiiba kwa shemeji. Atakubali."

"Watakutia glavu ya kufuli. Mkono wa kulia, maisha."

"Ulishauzwa huo," alisema Sikudhani. "Ila hii kumi na tisa nani ataifunga? Mimi nikiigusa tena na askari yuko hapo, sitafika hata wa pili."

Kanuni Raya alizijua kwa moyo, mara mbili alikuwa amefaulu mtihani wake. Mkaguzi akikuta uharibifu anaruhusiwa kuurekebisha hapo hapo. Kanuni haikusema mwanamume wala mwanamke. Walioiandika hawakuwahi kufikiri kuwa mkaguzi anaweza kuwa mwanamke.

"Nipe kalamu," alisema.

Hakuwahi kuishika. Mama yake alihakikisha hivyo tangu akiwa mdogo, ili vidole vyake visipate makovu ya Ghala. Sikudhani akampa kalamu, akachukua taa, akarudi nyuma hatua mbili.

"Bandua gundi. Usiikwangue, ibandue. Sasa washa. Karibu zaidi. Unaona kinavyong'aa kama ute wa yai? Kifuate. Usiinue."

"Inatetemeka."

"Iache itetemeke. Usiinue tu."

Wa kwanza ulitoka mbaya, umevimba kama kidonda kilichopona vibaya, lakini umefungwa. Wa tano ulikuwa bora. Wa kumi na mbili Sikudhani alinyamaza, hapakuwa tena na la kufundisha. Askari alirudi ilipokuwa imebaki minne, akakuta mwanamke wa Dirisha anachomelea na mwanamke wa Ghala amemshikia taa. Akaona kila kitu kiko mahali pake, akangoja.

"Na Kuba la Kumi na Moja?" Sikudhani aliuliza kwa sauti ya chini, Raya alipozima kalamu kwa mara ya mwisho. "Mikono ni ileile."

"Ni la watu wa Dirisha, safari hii wataingia moja kwa moja. Nitalipitia mwenyewe."

"Lina mishono mingapi?"

"Mia sita." Raya hakumtazama. "Nitalipitia."

Sikudhani alijua hakuna mtu mmoja anayeweza kupitia mishono mia sita kwa siri. Alijua pia kwamba Raya anajua.

Askari alifungua ubao wa taarifa, kalamu ya wino tayari. Naye alisoma maswali kwa sauti, kama sheria ilivyotaka, na Mkaguzi alipaswa kuthibitisha kila jibu.

"Mishono iliyoharibiwa?"

"Mia tatu na sitini," alisema Raya.

"Aliyeirekebisha?"

Sikudhani alitikisa kichwa kidogo sana, kukubali.

"Mimi," alisema Raya. "Yote."

Askari alikuwa ameona michache tu, lakini anayefunga mwisho ndiye huandikiwa kazi nzima, naye aliinua uso kwa heshima. Mishono mia tatu na sitini ilikuwa zaidi ya ile inayomfanya mtu aitwe fundi. Kesho Mizani ingewasha jina hilo juu ya vijiti sita, la kwanza kwa mwanamke tangu meli itue, na watu wangelizungumza kwa miaka.

"Jina la mtuhumiwa?"

"Sikudhani. Wa Ghala."

"Kazi?"

"Mshikataa."

"Sababu ya kuharibu?"

"Husuda."

"Ana watoto?"

Askari alimtazama Sikudhani, kwa kuwa swali hilo mtuhumiwa hujibu mwenyewe. Raya alikuwa amesimama wima, vidole vyeupe vimeshikamana mbele yake. Kwenye gumba lake la kulia palikuwa pameanza kufura lengelenge la moto, dogo, limeelemea kushoto.

"Sina," alisema Sikudhani.

"Mkaguzi unathibitisha?"

"Nathibitisha," alisema Raya. "Hana."

Askari akaandika, akapuliza wino ukauke, akaomba mkono wa kulia wa mtuhumiwa.